Kijiwe Kikae Wapi?

Desemba ikishafika katikati, Dar es Salaam huanza kumwaga watu. Wachaga wanarudi Moshi, Wahaya wanashika njia ya Bukoba, na pale stendi ya Mbezi tiketi ya basi inakuwa kitu cha kutafutiana. Mwaka ninaousimulia nilikuwa natunza mfumo wa kuuza tiketi kwa simu wa kampuni moja ambayo jina lake tuliache. Tarehe 19, saa mbili usiku, seva zetu mbili zilikuwa zinahema. Tukawasha ya tatu, kama ambavyo ungefanya wewe. Dakika chache baadaye abiria mmoja kati ya kila watatu akawa anapata ukurasa mweupe, na kufika saa tatu hata wale waliobahatika mwanzoni walikuwa wameanza kupiga simu.

Logi zilijaa sentensi moja. Hifadhidata yetu ilikuwa PostgreSQL, na PostgreSQL ikijaa husema, kwa adabu zote, samahani, wateja wameshakuwa wengi mno. Sijui programu nyingine inayokufungia mlango usoni huku inakuomba radhi.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne, ila hakuna aliyekuwa ameipiga. Kila seva ilikuwa na nakala nne za programu yetu, moja kwa kila kiini cha prosesa. Kila nakala ilikuwa inajiwekea miunganisho 10 ya kwenda kwenye hifadhidata. Hiyo ni 40 kwa seva, 80 kwa seva mbili. PostgreSQL usipoigusa huruhusu miunganisho 100, na mitatu kati ya hiyo imewekewa msimamizi mkuu, kwa hiyo wananchi wa kawaida wanagombania 97. Themanini iliingia. Seva ya tatu ilikuja na 40 yake, jumla 120, ikakuta nafasi 17. Nakala zilizokosa nafasi zikawa zinaanguka na kuwaka upya, zikibisha hodi kila baada ya sekunde chache. Muunganisho wowote wa seva za zamani ulipotimiza umri wake na kufungwa ili ufunguliwe mwingine, nafasi yake ilikuwa imeshawahiwa. Ndiyo maana ugonjwa ulianza kwa mgeni ukaishia kwa wenyeji.

Kwa nini lakini hifadhidata ihesabu wageni kama mlinzi wa ukumbi wa harusi? Kwa sababu kwa PostgreSQL kila muunganisho ni mtumishi kamili. Ukibisha, mchakato mama unazaa mchakato mpya kwa ajili yako peke yako, wenye kumbukumbu yake, na unabaki hapo hata kama huulizi kitu. MySQL hutumia nyuzi badala ya michakato, kwa hiyo mzigo ni mwepesi kidogo, lakini hata huko wageni hawaingii bila hesabu. Na kuunganishwa kwenyewe kuna salamu ndefu. Ukitaka mawasiliano yafichwe kwa usimbaji na nenosiri lihakikiwe kwa njia ya kisasa, ujumbe unakwenda na kurudi mara sita hivi kabla hujauliza swali la kwanza. Ndani ya jengo moja hizo sita ni kufumba na kufumbua. Kama programu iko Dar na hifadhidata imekodishwa Ulaya, tuseme kwenda na kurudi ni milisekunde 150, salamu peke yake zinakula milisekunde 900. Abiria amesubiri karibu sekunde nzima na bado hajaulizwa anakwenda wapi.

Dawa yake inafahamika kwa yeyote aliyewahi kusimama kwenye kijiwe cha bodaboda. Pikipiki nane zinahudumia mtaa mzima. Hakuna abiria anayenunua pikipiki ili afike sokoni, wala dereva haitupi pikipiki yake mtaroni baada ya safari moja. Unakuja, unapanda iliyopo, unashuka, inarudi kijiweni. Zikiwa zote njiani, unasubiri. Miunganisho nayo hukusanywa hivyo hivyo: michache iko wazi muda wote, programu inaazima mmoja, inauliza, inaurudisha. Kila lugha kubwa ya programu ina maktaba ya kazi hiyo. Ile iitwayo HikariCP, ya watu wa Java, huanza na miunganisho 10. Ya watu wa Node nayo 10. Kwa hiyo sisi kijiwe tulikuwa nacho. Tulikuwa navyo vinane, na usiku ule vikawa kumi na viwili, kila kimoja kikidhani kiko peke yake duniani.

Usiku ule tulifanya ambalo hufanywa na kila mtu usiku wa kwanza. Tulipandisha kikomo kutoka 100 hadi 500, tukaizima hifadhidata na kuiwasha, maana kikomo hicho hakibadiliki ikiwa inatembea, tukaenda kulala. Kesho yake hakuna aliyekataliwa, na kila mtu alicheleweshwa. Mashine ya hifadhidata ilikuwa na viini vinane. Viini vinane hufanya kazi nane kwa wakati mmoja, na michakato 120 ikitaka kufanya kazi kwa pamoja, sehemu kubwa ya nguvu inaishia kwenye kupishana. Wazoefu wa PostgreSQL wana kanuni ya kuanzia: chukua idadi ya viini, zidisha kwa mbili, ongeza diski zinazozunguka. Kwa mashine yetu ni kama 17. Toleo la 14, la mwaka 2021, lilipunguza sana adhabu ya kuwa na miunganisho mingi iliyokaa bure, lakini iliyokaa bure na inayofanya kazi ni watu wawili tofauti.

Kuna hesabu nyingine ambayo nimewaonyesha wahandisi wengi na karibu wote hudhani nimekosea. Chukua maombi yanayoingia kwa sekunde, zidisha kwa muda ambao kila ombi linaushikilia muunganisho. Maombi 400 kwa sekunde, kila moja likishika muunganisho kwa milisekunde 10, ni miunganisho minne inayofanya kazi kwa wastani. Minne! Kanuni hiyo ilithibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961, na haijali kama foleni ni ya benki, ya hospitali au ya kompyuta.

Sisi mbona tulihitaji mia? Nilikaa na orodha ya miunganisho hai, nikakuta mingi haifanyi chochote ila imeandikwa kwamba iko katikati ya muamala. Nikafuata msimbo hadi kwenye malipo. Programu ilikuwa inafungua muamala, inafunga kiti, inaiambia kampuni ya simu itume kile kiboksi cha namba ya siri, halafu inasubiri. Abiria yuko kwenye daladala, simu iko mfukoni, anaitafuta, anakosea namba, anarudia. Sekunde 20 si kitu cha ajabu. Malipo matano kwa sekunde mara sekunde 20: miunganisho 100, yote imeshikwa na watu wanaotafuta simu mfukoni. Tulibadilisha ili kiti kiandikwe kimeshikwa kwa dakika tano, muamala ufungwe hapo hapo, na jibu la kampuni ya simu likija ufunguliwe muamala wa pili. Badiliko hilo la mistari kama arobaini lilitupa nafuu kuliko seva yoyote. Nalisema kabla sijaingia kwenye suala la mahali, kwa kuwa nimeona watu wakihamisha kijiwe kutoka mashine hii kwenda ile, mwaka mzima, huku abiria mmoja amekaa juu ya pikipiki iliyosimama.

Sasa mahali.

Mahali pa kwanza ni ndani ya programu yenyewe, pale tulipokuwa. Ndipo karibu zaidi na mwenye shida, hakuna mtu wa kati, hakuna kitu kipya cha kutunza. Kwa mtu mwenye seva moja au mbili, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi. Kasoro yake mmeiona: idadi inazidishwa na nakala, na nakala huongezeka bila kuaga. Hata siku isiyo na sherehe, mnapopandisha toleo jipya, la zamani na jipya huishi pamoja kwa dakika kadhaa, na kwa dakika hizo miunganisho ni mara mbili. Na kuna wasio na uwezo wa kuwa na kijiwe cha ndani hata wakitaka. PHP ya kawaida huendesha kila ombi katika mchakato wake, na michakato hiyo haiazimani kitu.

Kwa ajili hiyo kuna mahali pa pili: programu ndogo ya kupokea miunganisho, imekaa kwenye kila seva ya programu. Inayotumika sana ni PgBouncer, iliyozaliwa Skype, kwa wahandisi wa Estonia, ikatoka hadharani mwaka 2007. Ni nyepesi mno. Programu yako inazungumza nayo bila kutoka nje ya mashine, ikidhani inazungumza na PostgreSQL. Yenyewe inazungumza na PostgreSQL kwa miunganisho michache. Seva ikifa, inakufa na kijiwe chake, wengine hawajui. Tulianza hapo. Seva tatu, kila moja na kijiwe cha miunganisho 20, jumla 60, tukajipongeza kwa chai na chapati. Wiki iliyofuata nikahesabu nikakuta zaidi ya mia. Mpangilio ule wa 20 ni kwa kila jozi ya mtumiaji na hifadhidata, nasi tulikuwa na watumiaji wawili, mmoja wa tovuti na mmoja wa ripoti. Upo mpangilio mwingine unaofunga jumla kwa hifadhidata nzima, ila nao unaijua jumla ya mashine yake tu.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali. Watu hulijadili kama swali la kasi: mruko mmoja zaidi kwenye mtandao, nusu milisekunde, na kadhalika. Kwangu ni swali la nani anashika jumla. Mlangoni kwa hifadhidata kuna namba moja, kwa mfano 40, na namba hiyo haigawanyiki vizuri kwa watu wasioonana. Ukiigawa kwa seva nne, kila moja inapata 10, na utaikuta moja ina foleni wakati jirani yake ana pikipiki sita zimeegeshwa.

Mtu aliyelipigia hesabu jambo hili hakuwahi kuona kompyuta. Agner Krarup Erlang alikuwa mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, na maandiko yake ya mwaka 1909 na 1917 yalijibu swali la bosi wake: laini ngapi zinatosha ili wapigaji wasikute zote zina watu? Chukua vikundi vinne vya wapigaji, kila kimoja kikishughulisha kwa wastani laini tano kwa wakati mmoja. Ukitaka asizidi mmoja kati ya mia anayekosa, kila kikundi kilichojitenga kinahitaji laini 11, jumla 44. Waunganishe wote wachangie fungu moja, laini 30 zinatosha. Hakuna aliyeongezewa kitu. Wamechangia tu, basi. Hesabu hii ya Erlang ni ya wapigaji wanaokata tamaa badala ya kusubiri, kwa hiyo haitui moja kwa moja kwenye foleni zetu, lakini mwelekeo ni ule ule.

Kwa hiyo mahali pa tatu: kijiwe kimoja, kwenye mashine yake, kati ya seva zote na hifadhidata. Seva zikiwa tatu au thelathini, hifadhidata inaona miunganisho 40. Nusu milisekunde unayolipa ni ya kweli; kwa ukurasa unaouliza maswali matano hutaihisi, kwa ule unaouliza mia tano utaihisi, na ukurasa huo una matatizo mengine. Gharama kubwa ni kwamba sasa kuna kitu kimoja ambacho kikianguka, kila mtu anaanguka. Kwa hiyo viwe viwili, kila kimoja na 20 yake, na kigawaji mbele yavyo. Ndiyo, umeigawa tena ile namba, lakini kwa mbili tu, na haikui seva zikikua. Kumbuka pia PgBouncer moja hutumia kiini kimoja cha prosesa, ukiipa mashine ya viini 16 unavilipia 15 vikalale. Na yenyewe ina mlango wake: bila kuguswa hupokea wateja 100. Tulisahau, na kwa dakika kumi tukapata ujumbe wa kukataliwa kutoka kwa kitu tulichokinunulia mashine ili tusikataliwe.

Faida ambayo sikuitegemea ilikuja Machi, tulipohamisha hifadhidata kwenda mashine mpya. PgBouncer ina amri ya kusimamisha: inaacha miamala iliyo njiani imalizike, halafu maombi mapya yanakaa foleni badala ya kukatwa. Tukaiambia anwani mpya, tukairuhusu iendelee. Saa tisa usiku, aliyekuwa ananunua tiketi aliona kiduara kinazunguka kwa sekunde sita. Kijiwe kikiwa ndani ya programu, kila nakala ingekatika na kulia kivyake.

Mahali pa nne ni juu ya mashine ya hifadhidata yenyewe. Wengi hupapenda: hakuna mashine ya ziada, na jumla inashikwa na mmoja. Mimi sipakatai kwa mfumo mdogo. Ila inakula kutoka chungu kile kile cha hifadhidata, na siku mashine ikifa unapoteza mlango pamoja na nyumba, kwa hiyo ule ujanja wa kuwaweka watu foleni wakati wa kuhama haupo tena. Na ukiikodi hifadhidata kwa kampuni ya wingu, hawakuruhusu kuingia kwenye mashine yao, mjadala umeisha. Wale wanaotumia vijiprogramu vya wingu vinavyozaliwa kwa kila ombi na kufa, nao mjadala wao ni mfupi: kijiwe cha ndani kwao hakina maana, lazima kiwe nje.

Umbali unavuta upande wa pili. Zile safari sita za salamu zinataka kijiwe kiwe karibu na programu, ili miunganisho iliyovuka bahari ibaki wazi. Jumla inataka kiwe karibu na hifadhidata. Unaweza kuwa na vyote, kidogo ndani ya programu na kikubwa mbele ya hifadhidata, na ndivyo tulivyoishia: programu ina miunganisho yake kwenda kijiweni, ambayo ni rahisi, na kijiwe kina yake kwenda hifadhidata, ambayo ni ghali. Lakini kama seva ziko Dar na hifadhidata Ulaya, usitegemee kijiwe kikuokoe. Muamala wenye maswali manne, kila moja likienda na kurudi kwa milisekunde 150, unaushika muunganisho kwa zaidi ya nusu sekunde popote utakapokiweka. Vihamishie nyumba moja kwanza.

Kabla hujakimbilia mahali pa tatu, kuna mtego. Kijiwe kinabana kweli pale tu muunganisho unaporudishwa mwisho wa kila muamala, badala ya kushikwa hadi mteja aondoke. Maana yake muamala wako wa sasa na wa dakika ijayo unaweza kupita kwa watumishi wawili tofauti, na chochote ulichomwambia wa kwanza akikumbuke, wa pili hana habari. Mfumo wetu ulihudumia kampuni kadhaa za mabasi, kila moja na skima yake, yaani chumba chake cha meza ndani ya hifadhidata, na programu ilikuwa inaitaja skima mara moja tu, inapoingia, kwa SET search_path. PgBouncer hukumbuka kwa niaba yako mambo machache, kama saa za eneo na aina ya herufi. Hilo halimo. Asubuhi moja karani wa kampuni moja akafungua orodha ya abiria wake akakuta majina ya wa kampuni nyingine. Alidhani ni utani. Tulirudi kwenye mtindo wa zamani ndani ya robo saa, kisha tukatumia wiki mbili kupitia kila sehemu ya msimbo ili skima itajwe ndani ya muamala wenyewe, kwa SET LOCAL, ambayo hufa muamala ukifa. Meza za muda, kufuli za ushauri, kusikiliza taarifa kwa LISTEN, vyote vina ugonjwa huo. Maswali yaliyoandaliwa mapema nayo yalikuwa hapo hadi toleo la 1.21 la PgBouncer, mwaka 2023, lilipojifunza kuyafuatilia.

Desemba iliyofuata tulifika tarehe 19 na seva saba. Nilikuwa nimefungua SHOW POOLS, ile amri ya PgBouncer inayokuonyesha nani anahudumiwa na nani anasubiri. Safu ya wanaosubiri ilikuwa inacheza kati ya sifuri na tatu, na aliyesubiri muda mrefu zaidi hakufikisha sekunde moja. Miunganisho inayofanya kazi: 11, 13, 9. Lakini upande wa PostgreSQL nikihesabu nakuta 70, wakati vijiwe vyote viwili havipaswi kuzidi 40.

Nikaangalia anwani. Miunganisho thelathini ilikuwa inatoka mashine ya uhasibu. Ilikuwa inaingia moja kwa moja kwa mlango 5432 wa PostgreSQL, bila kupita 6432 wa kijiwe, kwa nenosiri ambalo mtu aliwapa siku nyingi zilizopita. Nikaandika upya pg_hba.conf, faili la PostgreSQL linalosema nani aingie, ili mlango ule ukubali mashine tatu tu: vijiwe viwili, na ile ya kuchukulia nakala rudufu na kubadilishia muundo wa meza, kazi ambazo zinahitaji mtumishi wa kudumu. Nikaiambia PostgreSQL isome upya, nikaikata ile thelathini mmoja mmoja.

Haikupita dakika mbili simu ikaita. Alikuwa mhasibu mkuu, mtu mzima, karibu anastaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, ripoti yangu imegoma."

"Iko sawa mzee, mlango ndio umehama. Anwani weka ile ya kijiwe, na badala ya 5432 andika 6432."

Akanyamaza kidogo, nikasikia anabonyeza.

"Inaniambia nisubiri," akasema.